Laki Haigawanyiki kwa Tatu

Sikiliza watu wa Mji wa Kale wakipatana bei: pikipiki laki na nusu, mahari laki mbili. Laki ni 100,000, na neno lenyewe lilishuka jahazini. Kumi ni la Kibantu. Mia na elfu tulizipata kwa Waarabu, laki ikatoka kwa Wahindi. Ukihesabu kutoka moja hadi laki, umeshaizunguka nusu ya Bahari ya Hindi.

Pesa nazo zilikuja njia hiyohiyo. Mwaka 1888 kampuni ya Imperial British East Africa ilitoa sarafu zenye jina la Mombasa na picha ya mizani. Rupia moja ilikuwa anna 16, au pesa 64. Naam, hili neno "pesa" ndilo jina la ile sarafu ndogo kabisa.

Sasa angalia hiyo 64: ni mbili kwa mbili, mara sita. Ulikuwa ulimwengu wa kukata nusu kwa nusu. Ndiyo maana tuna nusu, robo na thumuni, yaani sehemu ya nane.

Laki pia inakubali kukatwa hivyo, lakini mara tano tu: 50,000, 25,000, 12,500, 6,250, 3,125. Hapo inagoma. Ukiivunjavunja yote, utakuta mbili tano na tano tano, basi. Tatu haimo kabisa.

Shida ni kwamba mirathi inaitaka tatu. Tuseme mtu amefariki, madeni yamelipwa, na ameacha mke, mama na mtoto mmoja wa kiume. Kwa sheria ya Kiislamu, inayofuatwa katika Mahakama za Kadhi, mke anapata thumuni, mama sudusi (sehemu ya sita), mtoto kilichobaki. Kwenye laki, mke anachukua 12,500 bila shida. Mama je? 16,666 na senti zisizokwisha.

Wanazuoni walilimaliza hili zamani. Hawakuanza na pesa, walianza na warithi. Walitafuta namba ndogo inayogawanyika kwa nane na kwa sita: 24. Mke 3, mama 4, mtoto 17. Al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad katika karne ya 9 kile kitabu kilichotupa neno aljebra, alijaza sehemu kubwa yake kwa hesabu za mirathi na wasia.

Utasema senti ni kitu gani. Haya, nyumba ya familia imeuzwa laki mia, yaani milioni 10. Fungu la mama ni 1,666,666. Mtu anasema, "Tufanye milioni moja na laki sita, tusisumbuane." Hapo mama ameshapoteza 66,666, na hakuna aliyeiba. Namba imeviringwa tu.

Kwa hiyo siku mkikaa kugawana, msianze na laki. Wekeni mafungu 24 mezani kwanza, kila mtu ajue lake, ndipo mfungue bahasha.