Neno la Kiingereza Lililozaliwa Mashambani Mayo

Hadi mwaka 1880, Boycott lilikuwa jina la ukoo tu. Kapteni Charles Boycott, mzaliwa wa Norfolk, Uingereza, aliishi kando ya ziwa Mask huko Mayo, magharibi mwa Ireland, akisimamia mashamba ya Lord Erne na kumkusanyia kodi.

Mavuno yalikuwa yameharibika. Wapangaji wakaomba kodi ipunguzwe kwa robo. Mwenye ardhi akatoa sehemu ya kumi. Boycott akatafuta hati za kuwafukuza. Septemba 1880, mpeleka hati alipoanza kuzigawa, wanawake walimtimua kwa mawe na samadi.

Siku chache kabla, mjini Ennis, Charles Stewart Parnell, kiongozi wa Chama cha Ardhi, aliuuliza umati: afanywe nini mtu anayechukua shamba alilofukuzwa mwenzake? Wengine wakapaza sauti apigwe risasi. Parnell akasema iko njia bora zaidi: atengwe barabarani, dukani, sokoni, hata kanisani.

Watu wa Mayo wakaijaribu njia hiyo kwa kapteni. Vibarua na watumishi wakaondoka, baadhi kwa hiari, baadhi kwa kuwaogopa majirani. Mhunzi, dobi na wenye maduka wakamkatalia huduma, na mazao yakabaki ardhini. Wavunaji 50 wakaletwa kutoka Cavan na Monaghan wakilindwa na mamia ya askari. Ilikadiriwa kuwa zilitumika pauni 10,000 kuokoa mazao ya pauni 500.

Adhabu hiyo ilihitaji jina. Mwandishi wa habari wa Marekani, James Redpath, alisimulia kwamba alikuwa na neno la kisomi lenye asili ya Kigiriki, lakini Padri John O'Malley akaona wakulima hawatalielewa. Padri akapendekeza jina la kapteni mwenyewe ligeuzwe kitenzi. Kabla mwaka haujaisha magazeti ya London yalikuwa yakilitumia, kisha likaingia katika Kifaransa, Kijerumani na Kirusi. Nasi tunasema kususia.

Inaniuma kwamba kamusi zimehifadhi jina la msimamizi, ilhali silaha yenyewe ilitengenezwa na wafua nguo na vibarua waliopoteza ujira wakati wa dhiki. Hakuna neno linalowataja. Kapteni aliondoka Mayo mwishoni mwa Novemba katika gari la wagonjwa la jeshi, kwa kuwa hakupatikana mwenyeji hata mmoja aliyekubali kumwendesha.