Habari za Bima ya Maisha, na Jinsi Ilivyofika Chamani Mwetu

Katika miaka kumi ya Chama Kikuu chetu yamesemwa mengi juu ya pamba, mizani na bei. Mimi katibu nimetakiwa niandike habari ya jambo lisilotajwa sana ghalani, nalo ni bima ya maisha. Wazee wetu wa Butiama, Bunda na Musoma walikuwa na bima yao: ng'ombe, shamba na ndugu. Mtu akifa, ukoo ulilea watoto wake. Kinga hiyo ilitosha maadamu ukoo ulikaa pamoja. Walakini leo kijana hukaa chumba cha kupanga Musoma mjini, ana pikipiki ya mkopo, na ng'ombe wa babaye wamekwisha gawanywa.

Bima ya hati ilianzia mbali. Mwaka 1762 ilianzishwa London jumuiya iitwayo Equitable, iliyotoza ada kwa kupima umri wa mtu. Kwa hesabu hiyo kijana hulipa kidogo, maana kifo chake hakitazamiwi upesi. Katika Tanganyika biashara hii ilikuwa mikononi mwa makampuni ya kigeni, hata mwaka 1963 Shirika la Bima la Taifa lilipoundwa. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, shirika hilo likaachiwa kazi yote peke yake, mpaka sheria ya mwaka 1996 ilipowaruhusu watu binafsi.

Hapa yafaa kueleza kwa nini wazee wengi hukunja uso wasikiapo neno bima. Katika miaka ya 1980 bei za vitu zilipanda mno, na shilingi ikapungua nguvu. Fedha ambayo ingejenga nyumba siku ya kuandikishwa haikutosha hata mabati siku ya kulipwa. Siwalaumu. Lakini ile ilikuwa bima iliyochanganywa na akiba ya miaka mingi. Bima ya kipindi maalumu ni kitu kingine: hulipa ukifa ndani ya miaka iliyoandikwa, na ukiishi hupati kitu. Watu huiita hasara. Mimi naona ndiyo sababu ya urahisi wake.

Bima ya maradhi makubwa ni changa zaidi. Ilibuniwa Afrika Kusini mwaka 1983 na Daktari Marius Barnard, nduguye Christiaan Barnard aliyepandikiza moyo wa kwanza wa binadamu mjini Cape Town mwaka 1967. Aliona wagonjwa wakipona baada ya kupasuliwa, lakini wakirudi nyumbani mafukara. Bima yake ililipa fedha taslimu mtu alipopatikana na ugonjwa uliotajwa katika hati, kama saratani au kiharusi, naye angali hai.

Sisi tulishtuka mwaka wa tano wa Chama. Mwanachama wa upande wa Bunda, mwenye miaka 29, alifariki barabarani akidaiwa mkopo. Wadhamini wake watatu wakalipa. Mmoja aliuza maksai wake wa kulimia, na msimu uliofuata alilima kwa jembe la mkono. Mimi ndiye niliyempelekea barua ya kumdai. Tangu hapo kamati iliamua kila mkopo ukatiwe bima. Ni jema, ila vijana wamelielewa vibaya: bima ya mkopo hulipa deni tu, na mjane hapati hata senti.

Kwa hiyo wajao ofisini nawauliza kwanza: nani anakula kwa jasho lako, na mtoto wa mwisho atamaliza shule lini? Miaka ya bima iwe hiyo. Kisha tunasoma hati pamoja, hasa mahali pa magonjwa yasiyolipiwa na miezi ya kungoja. Anayeficha ugonjwa ili apunguziwe ada, madai yake huweza kukataliwa, na watakaoteseka ni watoto. Mkulima wa pamba namshauri aombe kulipa mara moja kwa mwaka, baada ya mauzo, kwani ada ya kila mwezi humkuta Januari akiwa hana kitu, na bima ikafa kabla yake.

Jambo moja bado ni gumu. Vijana wengi hawataki kuandika jina la mrithi. Husema ni kujitabiria. Katika daftari letu nafasi hiyo ingali wazi kwa wengi, nami huwaandikia barua kila baada ya msimu.