Jitu la Kaspi na gharama ya kuruka chini

Mwaka 1966 Umoja wa Kisovieti ulirusha juu ya Bahari ya Kaspi chombo chenye urefu wa zaidi ya mita 90, ambacho uzito wake ulifika tani 544. Mabawa yake yalikuwa mafupi mno kwa mwili ule, na Wamarekani walipokiona kwenye picha za setilaiti waliduwaa. Mbunifu wake, Rostislav Alexeyev, hakukusudia kukipeleka mawinguni, bali kukirusha karibu na maji. Kwa kawaida hewa hujikunja kwenye ncha za bawa na kuivuta ndege nyuma. Uso wa maji ukiwa karibu, mzunguko huo hubanwa. Ndege ikiruka kwa kimo cha sehemu moja ya kumi ya upana wa mabawa yake, mvuto huo hupungua karibu nusu, na nguvu ya kuinua huongezeka.

Wengi husema siasa ndiyo iliyoua mradi huu. Ni kweli kwamba Alexeyev aliondolewa kwenye uongozi, kwamba alifariki mwaka 1980, mwaka uleule chombo chake kilipoanguka na kuzama, na kwamba dola yenyewe ilisambaratika mwaka 1991. Lakini Ujerumani Magharibi, ambako X-113 ya Alexander Lippisch iliruka mwaka 1970, haikusambaratika, na bado vyombo hivi havikushika soko. Nadhani kikwazo kilikuwa bahari. Jitu la Kaspi lilihitaji injini 10, na 8 kati yake zilikuwa za kulibandua kutoka majini; likishapaa zilibaki mzigo tu. Mabawa yake yalikuwa na upana wa karibu mita 37, kwa hiyo ile sehemu ya kumi haizidi mita 4, kimo ambacho mawimbi ya bahari kuu hukifikia bila shida. Kupinda nako ni hatari, kwani chombo kikilala upande, ncha ya bawa hukaribia maji.

Yupo atakayeuliza: mbona Lun, chombo kingine cha Kisovieti cha aina hii kilichobeba makombora 6, kiliingia jeshini miaka ya 1980? Kiliingia, ila kilitumika Kaspi, bahari iliyofungwa na nchi kavu pande zote. Anayetaka kuvuka bahari kuu hana budi kurefusha mabawa ili aruke juu zaidi bila kupoteza faida, na gharama hupanda nayo. Pelican, ambayo Boeing iliitangaza mwaka 2002, ilipangiwa mabawa ya mita 152 ili isafiri mita 6 juu ya maji. Haikujengwa.