Siku za Kungoja Noeli Kilimanjaro

Waandikao habari za sikukuu aghalabu huandika habari za siku moja. Hueleza ibada, mavazi, chakula na wageni, kisha huweka kalamu chini. Walakini sikukuu yoyote iliyoota mizizi katika nchi ina siku nyingi nyuma yake, na katika siku hizo, ambazo hazina jina katika kalenda, ndimo watu hupata sehemu kubwa ya furaha yao. Mfano mwema wa jambo hili ni Noeli katika migomba ya Kilimanjaro. Dini iliyoileta sikukuu hiyo ilifika mlimani mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Vizazi vichache tu vimepita tangu hapo, na leo hapana majira ya mwaka yanayowavuta watoto wa Wachagga kurudi kwao kama hayo. Swali la historia ni hili: ni kitu gani kilichoifanya sikukuu ngeni kuwa ya wenyeji upesi hivyo? Jibu halipatikani kanisani peke yake. Sehemu yake kubwa ipo jikoni, sokoni, shambani na njiani, katika mambo madogo madogo yatendwayo kabla ya tarehe 25 Desemba.

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walianza kazi Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890. Walutheri wa misheni ya Leipzig walifika mwaka 1893, baada ya wamisheni wa Kiingereza, waliokuwako Moshi tangu mwaka 1885, kuondoka mwaka 1892. Wageni hao walitoka katika nchi ambazo Noeli huangukia katikati ya baridi, wakati mashamba yamelala na watu wamejikusanya mbele ya moto. Kilimanjaro walikuta Desemba ya namna nyingine. Theluji ilikuwako, lakini ilikaa juu ya Kibo, ikionekana asubuhi kabla mawingu hayajapanda. Chini yake migomba ilikuwa ya kijani, mvua za vuli zilikuwa zikiisha, maji yalikuwa yakienda katika mifongo, na joto lilikuwa likianza. Wamisheni waliweza kuleta siku yenyewe, pamoja na neno lake na nyimbo zake. Siku za kuitangulia hawakuweza kuzileta. Hizo zilifanywa na Wachagga wenyewe kwa vitu walivyokuwa navyo.

Kitu cha kwanza kilikuwa pombe ya mbege. Mbege si kinywaji kinachoweza kufanywa kwa haraka. Ndizi hukatwa zikiwa zimekomaa, huvundikwa mpaka zikaiva, kisha huchemshwa kwa muda mrefu na kuachwa siku kadhaa zichachuke. Ulezi nao hulowekwa, huoteshwa na kukaushwa hata uwe kimea, kisha husagwa na kupikwa uji. Baadaye maji ya ndizi huchujwa, huchanganywa na uji huo, na gome chungu la mti wa msesewe hutia ukali wake. Kazi yote hupita juma zima, na mara nyingine zaidi. Basi mama wa nyumba aliyetaka pombe yake iive siku ya sikukuu alilazimika kuhesabu siku kwa kurudi nyuma: siku ya kunywa, siku ya kuchanganya, siku ya kupika, siku ya kukata ndizi. Katika nyumba ambazo hazikuwa na kalenda ya karatasi ukutani, chungu ndicho kilichokuwa kalenda. Aliyeingia uani na kusikia harufu ya ndizi zilizoiva alijua siku zilizosalia bila ya kuuliza. Wahubiri walionya mara nyingi juu ya ulevi, wala onyo lao halikuwa bure. Lakini chungu kilikwisha kuwafundisha watu kungoja, na kungoja kwa pamoja ni nusu ya sikukuu.

Jambo la pili ni chakula. Desturi ya Wachagga huamuru mwanamke aliyejifungua akae ndani muda wa miezi mitatu hivi, asifanye kazi nzito, alishwe vyakula vya kurudisha nguvu. Kimoja kilicho mashuhuri katika vyakula hivyo ni mtori, ndizi zilizopikwa na nyama kisha zikapondwa hata ziwe supu nzito. Chakula hicho hicho hupikwa katika siku za Noeli, pamoja na machalari. Mtu akifikiri kidogo ataona uzuri wa jambo hili. Habari ya sikukuu ni habari ya mwanamke aliyezaa akiwa mbali na kwao, katika nyumba isiyokuwa na mtu wa kumtunza. Mwanamke wa Kichagga aliposikia habari hiyo hakuhitaji kufafanuliwa kwa maneno mengi. Alijua kitu kilichokosekana pale, kwa maana yeye mwenyewe alikwisha kupikiwa mtori, na alikwisha kuwapikia wenziwe.

Kitu cha tatu ni fedha, na fedha hiyo ilikuwa na rangi ya kahawa. Mche huo ulipandwa na misheni ya Kilema, ukaingia kidogo kidogo katika mashamba ya wenyeji chini ya kivuli cha migomba. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao kilichojulikana kwa herufi za K.N.P.A., na mwaka 1933 ukaandikishwa ushirika mkubwa zaidi wa K.N.C.U. Kahawa ya Kilimanjaro huchumwa tangu mwezi wa Julai au karibu nao hata kufikia Desemba, kadiri ya mahali shamba lilipo mlimani. Kwa hiyo mwaka ulipokuwa ukimalizika, nyumba nyingi zilikuwa zimekwisha kuuza, na fedha kidogo ilikuwa mkononi. Kama Noeli ingaliangukia mwezi wa Aprili, katikati ya masika na kazi za shamba, huenda ingalibaki sikukuu ya kanisani tu. Iliangukia wakati ambapo jasho la mwaka lilikuwa limelipwa, ijapokuwa halikulipwa lote.

Fedha hiyo haikununua mambo makubwa, na hapa ndipo penye raha ya siku zile. Ilimpeleka mtoto kwa fundi wa cherehani aliyekaa barazani mwa duka, mguu ukikanyaga na gurudumu likizunguka. Mtoto alipimwa mabega na kiuno, akaambiwa arudi siku fulani. Akarudi kabla ya siku hiyo, akatazama kwa mbali kama nguo yake imekwisha kukatwa. Nguo ilishonwa kubwa kuliko mwili ili ifae mwaka wa pili, na mtoto alikubali, kwa kuwa kupewa nguo ya kukulia ni kuaminiwa kuwa atakua. Masoko, ambayo tangu zamani yalikuwa mikononi mwa wanawake, yalijaa kuliko siku nyingine. Mwanamke alishuka na ndizi akapanda na ulezi, na kati ya kushuka na kupanda alipata habari za nani amepeleka barua, nani anakuja, na nani hatakuja. Jioni sauti za waimbaji wakijifunza zilitoka kanisani zikapita juu ya migomba. Mtu aliyekuwa akimkatia ng'ombe majani alisimama kidogo na mundu mkononi, akasikiliza, kisha akaendelea na kazi.

Mambo hayo yangetosha kuifanya sikukuu kuwa njema. Hayakutosha kuifanya kuwa ya lazima. Sababu ya ulazima wake ni ardhi. Kihamba cha Mchagga si shamba tu: ni mahali pa nyumba, pa migomba, na pa makaburi ya wazee. Kwa desturi ya zamani mtoto wa kiume wa kwanza na mtoto wa kiume wa mwisho ndio waliotazamwa mbele katika urithi wake. Wa katikati walitazamiwa kutafuta penginepo. Ardhi tupu ilipokuwako juu na chini ya ukanda wa migomba, jambo hili halikuwa na uchungu mwingi. Watu walipoongezeka na vihamba vikajaa, watoto wa katikati walianza kushuka. Reli ya kutoka Tanga ilikuwa imefika Moshi mwaka 1911, na baadaye barabara zikafuata. Wakaenda Moshi mjini, Arusha, Tanga, Nairobi na Dar es Salaam, wakawa makarani, walimu, mafundi na wenye maduka. Walikuwa na kazi, lakini nyumbani palikuwa pa ndugu zao.

Kwa mtu kama huyo siku za kabla ya Noeli zilikuwa na maana kubwa kuliko wageni wanavyoweza kudhani. Alipanda mlima na mfuko wa sukari, majani ya chai, sabuni, kanga ya mama na blanketi la baba. Zawadi hizo zilikuwa ndogo kwa bei, walakini zilisema neno ambalo kinywa kingeona haya kulisema: kwamba aliyekosa shamba hajakosa wazazi. Mwenye kihamba naye alijibu kwa vitendo. Alifyeka njia, alifagia uwanja, akachinja. Na katika kuchinja huko palikuwa na haki ya zamani: nyama ya Mchagga haigawanywi ovyo, kila kiungo kina mwenyewe kwa kadiri ya umri, ukoo na nafasi ya kuzaliwa. Hivyo mtoto wa katikati, aliyerukwa katika ardhi, hakurukwa katika nyama. Fungu lilipotajwa kuwa lake mbele ya watu, nafasi yake katika nyumba ilikuwa imetajwa pia. Wenye kuona hapo ulafi tu hawakuona kitu.

Siku hizo zilikuwa pia siku za kumaliza ugomvi. Jani la isale, ambalo huoteshwa mipakani mwa vihamba na juu ya makaburi, ni jani la amani kwa Wachagga. Mkosaji akilileta kuomba radhi, aliyekosewa huona vigumu sana kulikataa. Ndugu wa mbali na wa karibu walipokutana, maneno ya mwaka yalitolewa: mpaka uliosogezwa, mahari isiyokwisha, mgonjwa asiyetazamwa. Si kila neno lilipata dawa. Pombe iliyoiva kwa ajili ya furaha iliwasha mara nyingine moto uliokuwa umezimika, na wako waliobaki mjini kwa sababu waliona aibu kurudi mikono mitupu. Historia isiyowataja hawa si kamili. Kila njia iliyojaa wanaopanda ina mtu aliyeitazama kwa mbali.

Nguvu ya desturi hupimwa wakati wa taabu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1920, wamisheni wa Kijerumani waliondolewa nchini, na sharika za Kilutheri za mlimani zikabaki kwa muda mikononi mwa walimu na wazee wa Kichagga. Walioileta sikukuu walikuwa wameondoka, lakini wenye kuingoja walikuwapo. Jambo linalofanana na hilo lilitokea mapema zaidi katika Uingereza yenyewe. Mwaka 1647 Bunge la nchi hiyo lilipiga marufuku sikukuu ya Noeli, na watu wakatakiwa wafanye kazi kama siku nyingine. Mjini Canterbury watu walifanya ghasia mwezi wa Desemba wa mwaka huo huo, na mfalme aliporudi mwaka 1660 sikukuu ilirudi waziwazi. Amri yaweza kufunga mlango wa kanisa na kufungua mlango wa duka. Ni vigumu sana kuingia jikoni na kumkataza mama asihesabu siku.

Lakini lisilowezekana kwa amri huweza kutendeka polepole kwa mabadiliko ya maisha. Mwaka 1989 mapatano ya mataifa juu ya migawo ya kahawa yalivunjika, bei ikaanguka, na wakulima wengi wakaacha kuitazamia miche yao. Magari ya moshi ya abiria yaliacha kufika Moshi katika miaka ya 1990, yakarudi Desemba 2019. Siku hizi wengi hupanda mabasi katika stendi ya Mbezi, Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 2021, au huja kwa magari yao wenyewe, na safari ya siku moja huwafikisha mlimani. Fedha hutangulia kwa simu. Mbege hununuliwa kwa wapishi wake ikiwa tayari, na nguo hununuliwa zikiwa zimeshonwa. Wako wanaofika tarehe 24 jioni na kushuka tena kabla ya majani waliyokanyaga hayajainuka.

Haifai kuwalaumu. Kazi za mjini zina saa zake, na mtu hurudi kwa siku alizopewa. Walakini yafaa kukumbuka kwamba siku za kungoja hazikufutika. Zimehamia mabegani mwa watu wachache, na wengi wao ni wanawake wazee. Hao ndio wafagiao uwanja wakati hapana mgeni, wavundikao ndizi kwa hesabu ya vichwa visivyokuwapo, watandikao vitanda vilivyolala vitupu mwaka mzima, na wasikilizao kila gari lipandalo kilima. Furaha yao ni ndogo na ya kweli, nayo huanza mapema kuliko ya wengine. Mgeni anapoingia na kusema kwamba sikukuu imewadia, husema kweli kwa upande wake. Kwa mwenye nyumba sikukuu ilikuwamo ndani tangu siku aliyokata mkungu wa kwanza.