Mwacheni Alale

Kwetu Sumbawanga mlevi akianguka, neno lilikuwa moja: mwacheni alale. Nadhani lilitokana na kimpumu, pombe ya ulezi inayonyonywa kwa mirija. Mara nyingi tumbo hujaa kabla kichwa hakijalemewa. Gongo haina subira hiyo. Sheria ya mwaka 1966 iliibana, nayo ikajificha uani pamoja na hofu ya polisi.

Usiku mmoja wa Julai tulimwacha mjomba alale. Bibi akamgusa: ngozi ya baridi, midomo imegeuka rangi, pumzi moja kisha kimya kirefu. Hakuamka hata alipofinywa. Bibi akamlaza ubavu matapishi yasimkabe, akamfunika blanketi, maana pombe humaliza joto la mwili na baridi ya Ufipa haina huruma. Aliyeleta kahawa alifukuzwa.

Njiani tulipatana kusema ni malaria. Hospitalini bibi akasema: gongo.

Mjomba alipozinduka, muuguzi alimuuliza kama anaona vizuri. Swali hilo nililielewa baadaye, niliposoma habari za Nairobi: Novemba 2000, pombe yenye methanoli iliua watu zaidi ya 100, wengine ikawapofusha.

Mjomba aliona. Akauliza nani amemtaja muuzaji.