Majina na Mistari: Kuisoma Uluguru katika Ramani ya Zamani

Katika ramani ya skeli ya 1:50,000, sentimita moja ya karatasi ni nusu kilomita ya ardhi. Shamba lenye upana wa mita 50 huko Mgeta au Kinole huwa milimita moja tu, na tuta la ngazi halionekani kabisa. Hoja yangu ni kwamba historia ya mandhari ya Uluguru imo ramanini, lakini mistari yake haisomeki bila majina, wala majina bila wenye lugha.

Tuanze na jina lenyewe. Lugulu kwa Kiluguru ni mlima. Hivyo tusemapo “Milima ya Uluguru” tunataja mlima mara mbili. Matombo, jina liwafanyalo watu wa pwani wainamishe nyuso, ni matiti tu kwa wenyeji, nalo latokana na umbo la mahali. Ama Simbamwene, mji ambao Stanley aliupitia mwaka 1871, ulibeba jina la mtawala mwanamke, binti Kisabengo. Utawala ulipobadilika, jina lililoshika ramanini likawa Morogoro.

Mistari nayo ina maneno yake. Ukingo wa msitu huchorwa kama kwamba ni kazi ya maumbile, kumbe ni amri: Wajerumani walizitenga hifadhi hizo mwaka 1909, katika nchi ambayo ardhi yake iligawanywa kwa lukolo, yaani ukoo wa upande wa mama. Mipaka ya lukolo haimo ramanini. Pengo la Bunduki, lililotenga msitu wa kaskazini na wa kusini, liliingizwa katika Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru mwaka 2008. Mstari ukasogea tena.

Jambo kubwa zaidi halikuacha alama yoyote. Kuanzia mwaka 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Mwezi Julai 1955 watu wa Matombo walikataa, ghasia zikazuka, mtu mmoja akauawa kwa risasi, na mpango ukaachwa. Kontua za Matombo na za Mgeta, ambako matuta yangalipo na mboga hustawi juu yake, zafanana mno karatasini.

Basi mwanafunzi aipeleke ramani kwa wazee, aulize kwa Kiluguru, si kwa Kiswahili: mteremko huu waitwaje, na ni wa lukolo gani? Vijana wengi wa milimani siku hizi hujibu kwa Kiswahili.