Kuchanga, Kuchangiana na Kuchangisha: Chango katika Vyama vya Wanawake wa Mombasa

Miongoni mwa maneno ya Kiswahili yahusuyo utoaji, kitenzi *changa* kina nafasi ya pekee. Zaka ni faradhi na sadaka ni hiari, na zote mbili zaweza kutolewa na mtu mmoja. Kuchanga hakuwezekani pasipo wenzi. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi minyambuo ya kitenzi hiki inavyofumbata historia ya wanawake wa Mji wa Kale, Mombasa, katika karne ya 20.

Utafiti wa Margaret Strobel, uliochapishwa mwaka 1979, umebainisha kwamba vyama vya lelemama, kama vile Ibinaal Watan na Banu Saada, vilikuwa zaidi ya vikundi vya ngoma. Wanachama walitoa chango kwa ajili ya sare na karamu za mashindano, na wakasaidiana katika arusi na matanga. Utumwa ulikuwa umepigwa marufuku mwaka 1907, lakini tofauti za nasaba zilibaki. Katika chama, waungwana na wenye asili ya utumwa waliweza kukutana. Huku ndiko kuchangiana: kiambishi *-an-* chadai kwamba mpaji wa leo awe mpewa wa kesho.

Vyama hivi havikukosa wakosoaji. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, mwasisi wa magazeti ya Sahifa (1930) na al-Islah (1932), alikemea israfu katika arusi na ngoma. Hoja hiyo ilikuwa na uzito, kwani ushindani wa karamu huweza kumtia mnyonge katika deni. Hata hivyo, pamoja na gharama palikuwa na ujuzi: kuweka hazina, kugawana madaraka na kukusanya watu.

Ujuzi huo ulidhihirika katika miaka ya 1950. Mwaka 1958 Bi Shamsa Muhamad Muhashamy aliongoza wanawake kudai haki ya kupiga kura, ambayo wanawake wa Kiarabu walikuwa wamenyimwa. Katika kipindi hichohicho ziliundwa jumuiya mpya za wanawake wa Kiislamu, zilizoelekeza nguvu zao kwenye elimu na maendeleo. Shabaha ya chango ilikuwa imebadilika; desturi yake ilikuwa ileile.

Mwaka 1963 Jomo Kenyatta aliifanya Harambee kuwa wito wa taifa. Shule nyingi zilijengwa kwa njia hiyo, lakini mara nyingi wananchi walichangishwa na wakubwa. Kiambishi *-ish-* chaonyesha tofauti: anayechangisha yu juu ya mchangaji, na huenda asidaiwe hesabu.

Kwa kuhitimisha, thamani ya chango haipimwi kwa wingi wa fedha pekee. Yafaa kuuliza pia ni nani aliyeamua shabaha yake, na nani awezaye kudai hesabu. Katika kuchangiana, haki hiyo ni ya kila mwanachama. Katika kuchangishwa, hupotea kwa urahisi.